Miwani ya Kuogelea Kuingia Ukungu: Jinsi ya Kuuzuia, na Jinsi ya Kuokoa Utando wa Ndani ya Kioo

Miwani mpya ya kuogelea ikianza kuingia ukungu baada ya siku chache tu, mara nyingi aliyeiharibu ni mwenyewe, tena kwa nia njema kabisa. Ameifuta. Aliona tone la maji ndani ya kioo, akachukua ncha ya taulo au kidole gumba, akazungusha mara mbili tatu, akaridhika. Utando uliopakwa kiwandani kuzuia ukungu ukaondoka na taulo. Tangu hapo anafuta zaidi kwa sababu ukungu umezidi, na kadiri anavyofuta ndivyo ukungu unavyozidi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeogelea bwawani au baharini kwa miwani ya kawaida ya plastiki, ile ya vikombe viwili na mkanda. Maski ya kuzamia, yenye kioo kimoja kikubwa kinachofunika na pua, nitaigusia baadaye kwa sababu moja tu: ushauri mwingi unaoua miwani ya kuogelea umetoka kwa watumiaji wa maski.

Ukungu unatoka wapi

Ngozi inayozunguka macho ina joto la nyuzi 33 hadi 35 hivi. Maji ya bwawa la mashindano, kwa kanuni za World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini, yanatakiwa kuwa kati ya nyuzi 25 na 28. Katikati yake kuna kioo chembamba ambacho upande mmoja kinaguswa na maji na upande wa pili kinatazamana na jicho. Hewa kidogo iliyofungiwa ndani inapata joto la ngozi na unyevunyevu wa macho na jasho mpaka inashiba mvuke. Hewa iliyoshiba kwa nyuzi 34 inabeba gramu 37 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 26 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 24 hivi, na ikifika nyuzi 20 inabaki na 17 tu. Kinachozidi hakina budi kutua kwenye kitu baridi kilicho karibu, nacho ni kioo.

Ndiyo maana anayeogelea Mombasa au Kigamboni mwezi Machi, bahari ikiwa ya vuguvugu, halalamiki sana, na mtu huyo huyo akienda kuogelea alfajiri kwenye bwawa lisilopashwa joto Nairobi au Arusha, miwani inakuwa nyeupe kabla hajagusa ukuta wa pili. Miwani haikuharibika njiani. Maji yamekuwa baridi na uso wake bado una joto.

Maji yanayotua kwenye kioo ni machache mno, na yangekuwa yametandazika vizuri usingeyaona. Tatizo ni umbo lake. Plastiki tupu haiyapendi maji, kwa hiyo yanajikusanya kuwa vitone vidogo visivyohesabika, na kila kitone kinapindisha mwanga upande wake. Utando wa kiwandani hauzuii mvuke hata kidogo. Kazi yake ni kuyavuta maji yalale bapa, yawe tabaka moja jembamba ambalo mwanga unapita bila kutawanyika. Sabuni inafanya kazi hiyo hiyo, na mate pia. Kwa hiyo una njia mbili tu: utunze utando ulionao, au ukishakwisha uweke kitu kingine kinachotandaza maji badala yake.

Vioo vingi vya miwani hizi ni vya polikaboneti, plastiki ngumu kuvunjika lakini rahisi kukwaruzika. Utando uliolala juu yake ni dhaifu zaidi kuliko plastiki yenyewe.

Kwanza hakikisha ni ukungu

Suuza miwani kwa maji safi, itundike kivulini mpaka ikauke kabisa, kisha ishike mbele ya dirisha lenye mwanga na uitazame kwa mshazari. Kioo kikiwa kikavu na hakina alama yoyote, lakini kinafifia ukiwa majini, huo ni ukungu wa kweli na dawa yake imo humu. Mistari myembamba inayong'aa ni mikwaruzo, na hiyo haina tiba. Madoa meupe ya duara yenye kingo ni chumvi au chokaa ya maji yaliyokaukia hapo. Ukiona mabaka, sehemu inang'aa na sehemu imefifia, pengine na kingo zilizonyanyuka kama ngozi inayobambuka baada ya kuungua na jua, huo ni utando unaotoka.

Lipo jambo la tano ambalo halihusu kioo: kuvuja. Maji yakiingia taratibu yanachora michirizi katikati ya ukungu, na mtu anayeona hivyo hukimbilia kukaza mkanda. Kukaza kunasogeza vikombe ndani, kope zinaanza kugusa kioo, na mafuta ya kope yanapakwa kwenye utando kila unapopepesa. Badala ya tatizo moja sasa ana mawili. Fainali ya mita 200 mtindo wa kipepeo ya Olimpiki ya Beijing 2008 ni mfano mzuri wa kutenganisha mambo haya: miwani ya Mmarekani Michael Phelps ilijaa maji, akashindwa kuona ukuta, akamaliza kwa kuhesabu mikupuo ya mikono, na bado akashinda kwa 1:52.03, rekodi ya dunia ya wakati huo. Utando mzuri namna gani usingemsaidia, kwa sababu tatizo lake lilikuwa mpira wa kuzunguka jicho.

Kujua kama miwani inakukaa, bandika vikombe machoni bila kuvuta mkanda, bonyeza kidogo, achia. Vikishika vyenyewe kwa sekunde mbili tatu, umbo linaufaa uso wako, na mkanda utakuwa na kazi ya kushikilia tu. Vikianguka papo hapo, tafuta miwani nyingine. Hakuna mkanda utakaorekebisha umbo lisilokufaa.

Dukani na siku ya kwanza

Maandishi ya Anti-Fog (kuzuia ukungu) kwenye boksi si ushahidi. Kama muuzaji anakuruhusu, pulizia pumzi ya joto ndani ya kikombe. Kioo chenye utando mzuri hubaki wazi au hufifia kidogo tu na kufunguka mara moja. Kikigeuka cheupe chote na kukaa hivyo, aidha hakina utando au kina utando wa jina. Pumzi haidhuru kitu, kwa hiyo usione aibu. Tena jaribio hili linafaa hata kwa miwani ya bei kubwa.

Soma karatasi iliyomo ndani, hata kama hujawahi kusoma karatasi ya kitu chochote maishani, kwa sababu tando hazifanani. Nyingi hazitakiwi kuguswa kamwe. Lakini Arena, kwa mfano, wana miwani yenye utando wanaouita Swipe ambao umetengenezwa ili uamshwe kwa kupitisha kidole kikiwa majini. Hiyo ni teknolojia ya kwao, na usiichukulie kuwa ruhusa ya kusugua miwani nyingine. Karatasi isiposema kitu, fanya kama kugusa ni marufuku.

Vioo vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia vina tabaka jingine nje, linalorudisha mwanga wa jua. Hivyo havifutwi upande wowote. Ile miwani midogo ya Malmsten ya Sweden, maarufu kwa waogeleaji wa mashindano, isiyo na mpira na ambayo unaifunga mwenyewe kamba ya puani, kwa kawaida haina utando kabisa. Ukiwa nayo ruka moja kwa moja hadi sehemu ya shampuu.

Baada ya hapo jizoeze kuishika kwa mkanda au kwa kingo za mpira. Kidole kisiingie ndani ya kikombe, hata siku ya kwanza ukiwa unaipendezea.

Kabla ya kuingia majini

1. Nawa uso kwa sabuni, hasa eneo la macho, mashavu ya juu na paji. Sababu yake nimeieleza kwa urefu hapa chini.

2. Poza uso. Kama umetembea juani au umekimbia kupasha mwili moto, usivae miwani ukiwa bado unatoka jasho. Jimwagie maji usoni, au zamisha uso majini kwa pumzi moja au mbili. Hatua hii haina gharama na inaondoa nusu ya shida, lakini ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu.

3. Chovya miwani kwenye maji yale yale utakayoogelea. Iache humo kidogo ili kioo kipate joto la maji na utando unyonye unyevu. Ikung'ute mara moja. Matone yaliyobaki ndani yaache yalivyo.

4. Vaa ikiwa mbichi. Weka vikombe machoni kwanza, halafu pitisha mkanda nyuma ya kichwa. Ukivuta mkanda kwanza na kuishusha kutoka juu, vikombe vinapita kwenye paji la uso na kukusanya kila kilichoko huko.

Ukiwa ndani ya maji

Ukisimama ukutani kusubiri zamu, kishawishi ni kuipandisha miwani kwenye paji. Usifanye. Paji lina jasho na mafuta, na ukiwa umetoka kuogelea kwa kasi ndiyo sehemu inayofuka joto kuliko zote. Ndani ya sekunde chache vikombe vinajaa mvuke, na mafuta yanagusa utando. Iache machoni. Ikibidi kuivua, ishushe shingoni au iloweke majini huku umeshika mkanda.

Ukungu ukija katikati ya mazoezi, nyanyua ukingo wa chini wa kikombe kimoja, ingiza maji kidogo, tikisa kichwa yapite kwenye kioo kizima, kisha yamwage. Rudia upande wa pili. Waogeleaji wengi wa zamani huacha matone machache humo makusudi, wakawa wanayazungusha kwa kugeuza kichwa kila wanapohitaji kuona. Inahitaji kuzoea, lakini kwa miwani isiyo na utando ni ufundi wa kuaminika kuliko dawa nyingi zinazouzwa.

Ukungu ukiingia upande mmoja tu, sababu haiko kwenye maji wala kwenye uso, kwa sababu hivyo viwili ni vya pande zote. Chunguza kikombe hicho. Ama kimeguswa, ama kope za jicho hilo zinafika kwenye kioo.

Mafuta, adui ambaye hatumtaji

Kwetu mtu hatoki nyumbani bila kujipaka. Vaselini, mafuta ya nazi, losheni ya mkono na uso. Mtoto akitoka hivi hivi mama anaulizwa mbona amemwacha na ukurutu. Ni utaratibu mzuri, ila mafuta na utando wa miwani havikai pamoja. Utando unafanya kazi kwa kuvuta maji, na mafuta yanasukuma maji. Alama moja ya kidole chenye vaselini ndani ya kioo inatosha kuacha duara litakaloingia ukungu kila siku, hata kama kioo kingine chote ni kizima. Juu ya hayo mpira unateleza kwenye ngozi yenye mafuta, maji yanaingia, unakaza mkanda, na unajua kinachofuata.

Krimu ya kujikinga na jua ni mbaya zaidi, maana imetengenezwa isitoke majini, na baadhi ya kemikali zake hudhuru plastiki. Anayeogelea baharini mchana anaihitaji, kwa hiyo sisemi aiache. Aipake mapema ili ipate muda wa kukauka, aache nafasi ya upana wa kidole kuzunguka macho, anawe mikono kwa sabuni, na ndipo aguse miwani. Mpangilio huo ukigeuzwa, miwani inaumia.

Dawa ya mbu ya kupaka ni hatari ya namna nyingine. Zile zenye kemikali iitwayo DEET zinalainisha na kutafuna plastiki za aina nyingi. Chupa ikivuja ndani ya mkoba uliobeba miwani, utakuta kioo kimegandwa na vumbi na kufifia moja kwa moja, na hakuna cha kusafisha hapo. Zitenganishe.

Mafuta ya kujipaka baki nayo kwa baada ya kuogelea. Ngozi iliyokaa kwenye klorini inayahitaji wakati huo kuliko kabla.

Baada ya kuogelea

Suuza miwani kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ndani na nje, kwa kumiminia tu. Klorini ikiachwa ikaukie hapo inadhoofisha utando na mpira. Chumvi ya bahari ikikauka inaacha vijiwe vidogo, na ukikifuta kioo hicho unakikwaruza kwa mkono wako. Mchanga vivyo hivyo. Ichovye na kuisukasuka majini mpaka mchanga udondoke wenyewe.

Angalia ni maji gani unayosuuzia. Visima vingi vya Dar es Salaam na miji mingine ya pwani vinatoa maji ya chumvi, na bomba la kuogea la hoteli ya ufukweni linaweza kuwa limeunganishwa na kisima hicho hicho. Ukiyaonja na kuhisi chumvi, tumia maji ya kunywa. Nusu gilasi inatosha miwani nzima.

Kung'uta, kisha itundike kwa mkanda kivulini, ndani ya vikombe kukiwa kumeelekea chini ili vumbi lisitue. Hewa ya pwani ni nzito, kwa hiyo ipe muda. Ukiifungia kwenye boksi ikiwa mbichi utakuta kuvu nyeusi kwenye mikunjo ya mpira. Usiianike juani, wala usiiache mbele ya gari chini ya kioo cha mbele. Ikishakauka, iweke kwenye boksi lake au kimfuko laini, mbali na funguo, kitana na kufuli la kabati.

Kama nje ya kioo kuna uchafu ambao hautoki kwa maji, tumia tone la sabuni ya maji na ncha laini ya kidole, taratibu, halafu suuza. Ndani, hapana.

Utando ukishakufa

Utafika huo wakati. Utando ni kitu cha kwisha, kama soli ya kiatu ilivyo ya kwisha, na hata mwangalifu atauzika siku moja. Dalili ni kwamba unafuata hatua zote za juu, uso umepoa, miwani imelowa, na bado kioo kizima kinakuwa cheupe ndani ya dakika chache. Watu wengi hapo hununua miwani mpya. Kama mpira bado ni laini, mkanda haujapasuka na mikwaruzo si mingi, ni fedha ya bure, kwani sasa uko huru kugusa ndani na kutumia njia ambazo zingeudhuru utando.

Utando ukiwa umebambuka vipande vipande, bora utoke wote kuliko kutazama kupitia viraka. Tia maji ya uvuguvugu, si ya moto, na sabuni ya vyombo, uuache ulowe, kisha sugua kwa kidole. Usikwangue kwa kucha wala kwa sponji ya sufuria. Kilichogoma kiache. Madoa meupe ya chokaa yanatoka kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi kimoja kwa kimoja, ikae dakika chache, halafu suuza sana.

Njia ninayoipendelea kuliko zote ni shampuu ya watoto, ile isiyowasha macho. Fanya hivi:

1. Changanya matone mawili ya shampuu na kijiko kikubwa kimoja cha maji. Chupa ndogo ya dawa ya macho iliyokwisha na kuoshwa vizuri inafaa kuwekea mchanganyiko wa siku kadhaa.

2. Nawa mikono. Lowesha ndani ya vioo.

3. Weka tone moja kila upande, lisambaze kwa kidole hadi pembeni kabisa, kwenye kona ya puani ambako wengi husahau.

4. Acha nusu dakika au dakika moja.

5. Chovya majini mara moja, kung'uta, vaa papo hapo.

Utaalamu wote uko kwenye hatua ya mwisho. Ukisuuza mpaka kioo kilie chini ya kidole, umeondoa kila kitu na umerudi mwanzo. Ukisuuza kidogo mno, shampuu iliyobaki itakuwasha, kwa sababu hata ile ya watoto haikukusudiwa kukaa jichoni nusu saa. Kioo kikiwa na maji yaliyotandaa bila vitone na bila povu, hapo ndipo. Macho yakianza kuwasha, vua, suuza miwani na macho, uanze upya na mchanganyiko mwepesi zaidi. Sabuni ya vyombo ya maji inatandaza vizuri pia, pengine kuliko shampuu, lakini ikigusa jicho utajuta. Mimi naiacha jikoni.

Mate ndiyo dawa ya kale, na wazamiaji wanaitumia mpaka leo kwa sababu inafanya kazi. Yana protini na ute unaoyalaza maji bapa kama sabuni. Tema, sambaza kwa kidole, chovya mara moja, vaa. Hayadumu sana, na ya mtu aliyetoka kula sambusa yana mafuta, kwa hiyo sukutua kwanza. La msingi ni kwamba uteme kwenye miwani yako tu. Ya kuazima usiiteme, na ya kwako usiazimishe. Ugonjwa wa macho mekundu uliosambaa Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024 na kufika Mombasa uliwakumbusha wengi jinsi virusi vya macho vinavyohama kwa mikono, taulo na vitu vya kushirikiana.

Dawa za kupulizia zinazouzwa maduka ya michezo ni za jamii hiyo hiyo ya sabuni. Zinadumu kidogo zaidi na zinapendeza mkononi. Nyingine hupakwa kwenye kioo kikavu zikaachwa zikauke kabla ya kuchovywa, nyingine huhitaji kioo kilicholowa, kwa hiyo fuata chupa inavyosema. Ila ya kusafishia miwani ya kusomea si ya kuogelea. Ile mara nyingi ina spiriti, na haikukusudiwa kukaa karibu na jicho lililofungiwa.

Dawa ya meno na kiberiti

Utakutana na ushauri huu kwenye video nyingi: paka dawa ya meno ndani ya kioo, sugua, suuza, ukungu umekwisha. Wengine wanapitisha mwali wa kiberiti cha gesi. Ushauri wenyewe si uongo. Umepotea njia tu.

Maski ya kuzamia ina kioo halisi kilichoimarishwa kwa joto. Ikitoka kiwandani kioo hicho kina tabaka jembamba la silikoni lililobaki wakati wa kutengeneza, na tabaka hilo linakusanya ukungu hata ukitema mate vipi. Ndiyo maana wazamiaji husugua maski mpya kwa dawa ya meno yenye chembechembe, au huliunguza tabaka hilo kwa mwali mdogo. Kioo halisi kinastahimili, ingawa mwali usipoelekezwa vizuri huunguza mpira wa pembeni na kuna watengenezaji wasioruhusu.

Sasa hamishia hayo kwenye polikaboneti. Chembechembe zinazosafisha meno zinachora maelfu ya mikwaruzo ambayo huioni hadi jua lipige, na mwali unakunja plastiki au kuitoa mapovu. Kama utando ulikuwa bado hai, umekwisha hapo hapo. Anayedai kwamba baada ya dawa ya meno miwani yake iliona vizuri anasema kweli kwa siku hiyo, kwa sababu dawa ya meno ina sabuni ndani yake. Sabuni ikishaisha anabaki na mikwaruzo.

Kwenye orodha hiyo ongeza asetoni ya kutolea rangi ya kucha, ambayo inapasua polikaboneti, dawa ya kusafishia vioo vya madirisha yenye amonia, spiriti, na dawa ya kung'arisha nguo na kuua vijidudu kama Jik. Maji yaliyochemka nayo ni hivyo hivyo.

Baharini

Bwawani ukungu ni kero. Baharini, ambako ngalawa na boti hupita, kutoona mbele ni hatari, kwa hiyo usisubiri kioo kiwe cheupe chote. Kikianza kufifia geuka chali au simama majini kwa kupiga miguu, tazama pande zote kwanza, kisha safisha kikombe kimoja huku jicho la pili likibaki ndani ya kikombe chake na kuona. Usivute kikombe mbele kwa kukishika kioo. Mkanda uliokazwa unaweza kukinyang'anya kutoka kwenye vidole vyenye maji na kukirudisha kwa nguvu jichoni, na watu wameumia hivyo. Nyanyua ukingo wa chini tu, kiasi cha maji kupita.

Anayejiandaa kwa mashindano ya kuogelea masafa marefu au triathloni (kuogelea, baiskeli na kukimbia) aweke jozi mbili: ya mazoezi iliyochoka, anayoihudumia kwa shampuu, na nyingine yenye utando mzima ambayo ameshaivaa mara chache kuhakikisha haivuji. Miwani isiyojaribiwa kabisa haifai siku ya mashindano.

Watoto

Mtoto ataweka miwani kwenye paji, ataiburuta mchangani, na ataifuta kwa fulana. Mnunulie ya bei ya chini inayomkaa vizuri, mfundishe jambo moja tu, kuishika kwa mkanda, na ubebe chupa ya mchanganyiko wa shampuu wewe mwenyewe. Ukungu ukimsumbua hatauliza sababu. Atavua miwani na kuendelea kuogelea macho wazi kwenye klorini.

Lini uitupe

Mikwaruzo ikikuzuia kusoma saa ya ukutani kutoka upande wa pili wa bwawa. Mpira ukiwa mgumu au umepasuka. Mkanda ukionyesha nyufa ukiuvuta, ingawa mkanda peke yake mara nyingi unabadilishika. Kuvu ikiwa imeingia ndani ya mpira na haitoki kwa sabuni. Utando kufa hakumo kwenye orodha hii.